Nguruwe 30 hadi 50 uani: kwa nini bunduki imeshindwa Marekani

Agosti 2019, siku chache baada ya watu kuuawa kwa risasi El Paso na Dayton, Wamarekani walikuwa wameshikana mashati Twitter juu ya bunduki za kivita mikononi mwa raia. Katikati ya vurumai hiyo mwanamume mmoja wa Arkansas akauliza: nguruwe mwitu 30 hadi 50 wanaovamia ua wangu ndani ya dakika 3 hadi 5, na wanangu wadogo wanacheza hapo hapo, niwaueje? Akasisitiza kwamba anauliza kwa dhati. Mtandao ukaangua kicheko. Siku kadhaa "nguruwe 30 hadi 50" ukawa mzaha wa dunia nzima, hadi fulana zikachapwa.

Nami nilicheka. Kisha nikaanza kusoma habari za wanyama hawa, kicheko kikanikauka. Mkulima wa Texas, Georgia au Louisiana haoni cha kuchekesha hapo. Makundi ya namna hiyo anayajua, na anajua pia dakika tano zinawatosha kufanya nini. Yule baba hakukosea hesabu. Alichokosea ni kudhani kuna bunduki ya kutosha kumaliza kazi ile, wakati bunduki ni sehemu ya kisa kilichowaleta nguruwe hadi uani kwake.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana jina linaweza kutupoteza. Huyu si nguruwe mwitu wa kwetu, yule mwenye manyoya marefu mgongoni anayefukua mihogo usiku, wala si ngiri anayepiga magoti kula majani. Wale ni wenyeji wa Afrika. Chui anawajua, fisi anawajua, na jike huzaa watoto watatu au wanne basi. Marekani haikuwa na nguruwe wa ukoo huu hata mmoja. Yupo javelina wa Texas na Arizona, anayefanana na nguruwe kwa mbali, lakini ni wa familia nyingine kabisa. Huyu anayesumbua ni nguruwe wa kufugwa, aliyetoka zizini akarudi porini, na baadaye akachanganya damu na nguruwe mwitu wa Ulaya.

Columbus aliwashusha visiwani Karibi mwaka 1493. Mvumbuzi Mhispania Hernando de Soto akawaswaga Florida mwaka 1539, chakula cha jeshi kinachotembea kwa miguu yake chenyewe, na safari nzima walikuwa wakizaa na wakitoroka. Walowezi waliofuata hawakuwajengea mazizi. Walimkata nguruwe alama sikioni, wakamwacha ale matunda ya mialoni na mizizi msituni, wakamfuata wakati wa kuchinja. Asiyepatikana alibaki huko huko. Kwa karne kadhaa hilo halikuonekana kuwa tatizo.

Kisha wakaja wawindaji wenye pesa. Mwaka 1912 nguruwe mwitu kutoka Ulaya walipelekwa kwenye hifadhi binafsi ya uwindaji huko Hooper Bald, milima ya North Carolina. Uzio ukawashinda, na miaka ya 1920 walikuwa wametapakaa nje. Texas nako wenye ranchi walileta wa kwao miaka ya 1930 kwa sababu hiyo hiyo ya kuwinda. Wakapandana na wale wa walowezi. Mzao wake ni mnyama mwenye uzazi wa nguruwe wa zizini na akili ya porini, mchanganyiko ambao mkulima asingemwombea hata adui yake.

Mwaka 1982 walikuwa katika majimbo 17. Leo wako katika majimbo yapatayo 35, na Wizara ya Kilimo ya Marekani inawakadiria kuwa zaidi ya milioni 6. Jiulize walifikaje. Nguruwe akiachwa peke yake hapendi kusafiri. Maisha yake anayamaliza ndani ya kilomita chache za mraba, mradi maji na chakula vipo. Hawezi kuamka kilomita 400 kutoka alipolala. Pikapu inaweza. Makundi mengi mapya yaliyotokea mahali ambapo nguruwe hawakuwapo kamwe yalifika yakiwa yamefungiwa kwenye trela usiku, yakaachiwa karibu na kijito na mtu aliyetaka mawindo karibu na nyumbani kwake.

Hapo ndipo fundo lenyewe lilipo. Kwa mkulima nguruwe ni janga, kwa jirani yake ni burudani, na kwa mwenye nyumba ya kulala wawindaji ni biashara. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na nguruwe anazaa huku kamba ikivutwa.

Na anazaa kweli kweli. Jike hupata mimba akiwa na miezi sita hadi minane. Anabeba siku 115 hivi, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu kama wafugaji wanavyopenda kuhesabu. Kwa kawaida huzaa watoto watano au sita, pengine zaidi, na chakula kikiwa kizuri hurudia mara mbili ndani ya mwaka mmoja na robo. Mbwamwitu wadogo waitwao koyote hula vitoto, mamba wa kule hula atakayesogea majini, lakini nguruwe mzima wa kilo 80 au 100 ana maadui wachache mno mbali na mtu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walipiga hesabu ambayo kila mwenye shamba kule angepaswa kuibandika mlangoni. Ili idadi ya nguruwe wa Texas isiongezeke, yaani ibaki pale pale tu bila kupungua, inabidi kuondoa takriban asilimia 66 yao kila mwaka. Wanaoondolewa kwa njia zote, bunduki, mbwa, mitego na helikopta, walikuwa asilimia 29.

Iteremshe hesabu hiyo shambani. Chukua kundi la nguruwe 20, majike sita wakiwa wakubwa. Mwenye shamba anavizia usiku, anaua watatu. Asubuhi anapiga picha, ndugu wanampongeza, na kweli ni kazi. Waliobaki 17, hata kama jike mmoja yumo katika wale waliokufa, wana majike watano. Kila jike akizaa watano, na nusu ya vitoto vikafa, kabla ya mwaka kwisha kundi limevuka 25. Yule bwana amepunguza watatu na kuongezewa zaidi ya kumi. Akiua watatu kila mwezi atakuwa na la kujivunia, lakini wangapi kati yetu tunaokesha shambani mara 12 kwa mwaka na kurudi na nyama kila mara?

Hata hivyo idadi ni nusu tu ya madhara ya bunduki. Nusu nyingine ni kile anachojifunza aliyekoswa. Nguruwe huishi kwa ukoo: bibi, mabinti, wajukuu, wakitembea pamoja, huku madume wakubwa wakijitenga. Risasi ya kwanza ikilia anaanguka mmoja, labda wawili. Waliobaki wanatawanyika kila upande, tena kwa mbio za karibu kilomita 48 kwa saa. Baada ya siku chache wanajikusanya, mara nyingine upande wa pili wa barabara, kwenye shamba ambalo halikuwa na nguruwe. Walikuwa wakila saa za jioni, sasa wanakula saa nane za usiku. Walikuwa wakiingia kwa njia moja, sasa wanazo tatu. Wakisikia mlango wa gari unafungwa kwa mbali wanaondoka. Anayewinda kwa mbwa anawasukuma mbali zaidi. Ukipiga hesabu ya jumla, mwindaji wa mwisho wa wiki kapunguza wawili na kuwasomesha 18.

Helikopta je? Mwaka 2011 Texas ilipitisha sheria ya kumruhusu mwenye ardhi kukodisha helikopta kwa watu wanaotaka kupiga nguruwe kutoka angani. Mwaka 2017 wakaongeza puto la hewa moto, nami sijaelewa hadi leo nani alidhani nguruwe atasimama kusubiri puto. Helikopta kwa kweli inafaa mahali palipo wazi, majani yakiwa yamepukutika, rubani na mpigaji wakiwa wa kazi hiyo na si wa kulipia utalii. Wataalamu wa serikali wanaitumia na inasaidia. Kwenye msitu mnene wa mashariki mwa Texas haioni kitu. Na mtu akishalipa maelfu ya dola ili arushwe akapige nguruwe, mwenye shamba ana sababu mpya ya kutaka nguruwe wabaki wa kutosha hadi msimu ujao.

Tennessee ilijaribu njia ya bunduki kwa moyo wote. Mwaka 1999 ilifungua uwindaji wa nguruwe jimbo zima, mwaka mzima, bila kikomo, kwa imani kwamba wawindaji watawamaliza. Miaka iliyofuata ndiyo nguruwe walipoenea kuliko wakati wowote, wakaibuka katika kaunti ambazo hazikuwahi kuwaona. Mwaka 2011 jimbo likageuza: nguruwe akaondolewa katika orodha ya wanyama wa kuwindwa, akawekwa kundi la wasumbufu wa kuangamizwa, na wenye ardhi wakapewa uhuru na msaada wa kuwatega.

Majimbo mengine yalianza moja kwa moja na jambo linaloonekana kichaa kwa msikilizaji wa kwanza: yalipiga marufuku kuwinda nguruwe. Kansas ilifanya hivyo mwaka 2006, na idadi yake ikabaki ndogo ilhali Oklahoma jirani imejaa. Missouri ilizuia mwaka 2016 katika ardhi za idara yake ya uhifadhi. Wawindaji walikasirika, kama unavyoweza kukisia. New York, iliyokuwa na makundi machache yaliyotoroka kwenye hifadhi za uwindaji, ilizuia kwanza kumiliki na kuuza nguruwe wa Ulaya, kisha ikazuia watu kuwawinda, watumishi wake wakatega kwa utulivu, na mwaka 2016 ikatangaza kwamba nguruwe wamekwisha. Mantiki ni moja kote. Ondoa raha, hakuna atakayewabeba kwenye trela. Ondoa kelele, kundi linatulia mahali pamoja hadi liingie mtegoni lote.

Texas imekwenda upande mwingine. Tangu Septemba 2019 mtu yeyote mwenye ruhusa ya mwenye ardhi anapiga nguruwe bila leseni ya uwindaji. Siwalaumu sana. Jimbo lenye nguruwe zaidi ya milioni mbili, na ambalo ardhi yake asilimia 95 hivi ni ya watu binafsi, haliwezi kufanya la New York. Lakini hapo ndipo mzigo unapomwangukia mwenye ekari zake.

Mwenye ekari hizo huwa haoni nguruwe. Anaona kazi yao. Amepanda mahindi jana, leo asubuhi anakuta mstari mzima umefunuliwa kama mtu aliyepita na jembe, mbegu baada ya mbegu, maana pua ya nguruwe inafuata mstari uliopandwa kuliko mashine iliyoupanda. Karanga hivyo hivyo. Kwenye malisho wanafukua minyoo na mizizi, wanaacha mashimo ya kuvunja ekseli ya trekta. Penye kijito pamekuwa dimbwi la tope, kwa sababu nguruwe hatoi jasho la kumpoza na lazima agaegae. Ukifuata njia yao utakuta nguzo ya uzio au mti umepakwa tope kavu, vinyweleo vimenasa. Pima tope hilo kutoka ardhini. Likifika kiunoni mwako, dume lililojisugua hapo usilifuate gizani peke yako. Jumla ya hasara za namna hii Marekani nzima, kwa kadirio linalotajwa sasa na Wizara ya Kilimo, ni dola bilioni 2.5 kwa mwaka.

Basi afanyeje?

Njia inayopunguza nguruwe ni boma, na boma linahitaji subira ambayo hakuna anayeipigia picha. Kizimba kidogo cha kunasa nguruwe mmoja au wawili kina kasoro ile ile ya bunduki: kinafundisha waliobaki nje. Boma ni duara la paneli za waya mzito, kimo cha mita moja na nusu hivi, limeshikiliwa na nguzo za chuma zilizopigiliwa ardhini. Duara, kwa sababu kwenye pembe nguruwe wanarundikana, wa nyuma wanapanda migongo ya wa mbele na kuruka nje. Lango liwe pana, mita mbili au zaidi. Langoni penye kubana vitoto vitaingia, majike wakubwa watasimama nje wakinusa, na jike mkubwa ndiye unayemtaka kuliko wote.

Kabla ya boma kuna chambo. Mahindi yanalowekwa kwenye ndoo yenye maji na kufunikwa siku kadhaa mpaka yachachuke. Harufu yake inafika mbali, na kulungu haivumilii sana, jambo jema maana hutaki kulisha pori zima. Yanamwagwa mahali palipo na nyayo mbichi, na kamera inafungwa mtini. Usijenge kitu bado. Siku ya tatu au ya tano picha zinaanza kuja, na kazi yako ni kuhesabu. Wapo 17? Wawili wana mabaka meupe, mmoja anachechemea, sawa. Unawajua sasa. Wakishazoea, unasimamisha nusu ya duara huku chambo kikiwa katikati. Watasita usiku mmoja au miwili. Kisha unalifunga duara, lango likiwa wazi na limefungwa kwa waya lisianguke hata likiguswa. Wanaingia, wanakula, wanatoka. Hapo wengi wanaharibu. Wanaona nguruwe 11 ndani na mkono unawawasha.

Siku hizi lango huangushwa kwa simu. Mkulima amelala, saa nane simu inatetemeka, anaangalia kioo: 14 ndani, watatu nje. Anarudi kulala. Usiku unaofuata, 16 ndani, na jike mmoja amesimama langoni, miguu ya mbele ndani, ya nyuma nje. Anasubiri. Dakika kumi. Jike anaingia, anashusha kichwa kwenye mahindi, kidole kinabonyeza. Wote 17 kwa mara moja, na hakuna aliyebaki nje wa kusimulia. Zipo pia nyavu zinazoning'inia kwa duara, ambazo nguruwe anazisukuma kwa chini akaingia na hawezi kutoka. Ni nyepesi kubeba na hazihitaji mtu macho usiku.

Alfajiri mkulima anakwenda na bunduki ndogo, anamaliza kazi pale pale ndani ya boma. Hiyo ndiyo nafasi ya bunduki katika shughuli hii: mwisho, na karibu. Wapo wanaouza walionaswa, ila hapa sheria ina kona yake. Nyama ya kuuzwa lazima mnyama akaguliwe akiwa hai machinjioni, kwa hiyo aliyepigwa risasi porini hauziki hata awe mnono vipi. Anayeuzwa ni aliyenaswa na kusafirishwa mzima, kwa vibali na kwa wanunuzi walioidhinishwa. Kumbeba nguruwe hai nje ya utaratibu huo ni kosa katika majimbo mengi, na baada ya yale ya pikapu na trela unaelewa kwa nini.

Uzio wa umeme unafaa bustani au ekari chache za mazao ya thamani. Nyaya mbili zinatosha, wa chini ukiwa sentimita 20 hivi kutoka ardhini, pale pua inapogusa kwanza. Majani yakiugusa waya umeme unapotea, na nguruwe atajua kabla yako. Kuzungushia mamia ya ekari ni ndoto ya mwenye pesa.

Sumu ina kisa kirefu nami nitakikatisha. Mwaka 2017 kamishna wa kilimo wa Texas, Sid Miller, ndiye yule aliyeibeba ile sheria ya helikopta akiwa mbunge, aliidhinisha chambo cha warfarini, dawa inayojulikana kwa panya na pia hospitalini kwa kuzuia damu kuganda. Wawindaji na wachinjaji wakapinga kwa sauti moja, kesi ikafika mahakamani, na kampuni ikajiondoa ndani ya miezi michache. Baadaye imerudi kwa masharti: mtu mwenye leseni, na chombo chenye mlango mzito wa kuinuliwa kwa pua ya nguruwe. Sumu nyingine ni nitriti ya sodiamu, ile ile ya kuhifadhi nyama, ambayo nguruwe haiwezi kabisa kwa maumbile yake. Australia inaitumia. Texas ilipojaribiwa mwaka 2018 nguruwe walikufa, lakini walikuwa wametapanya makombo nje ya chombo, ndege wakayala wakafa nao, jaribio likasimamishwa. Nguruwe anakula kama nguruwe, na tatizo lote la sumu liko hapo.

Jambo moja ambalo wenye mashamba wanalipuuza ni damu. Nguruwe hawa hubeba bruselosi, na mtu anaipata kwa kuchuna bila glavu akiwa na mchubuko kidoleni. Homa yake huja na kuondoka kwa miezi. Hubeba pia virusi vya pseudorabizi, ambavyo ni nadra kumdhuru binadamu lakini humuua mbwa ndani ya siku chache, na wawindaji wa mbwa wanajifunza hilo kwa gharama. Kinyesi chao kwenye maji ya kumwagilia ni habari nyingine. Mwaka 2006 spinachi kutoka California iliwafanya watu wapatao 200 waugue, watatu wakafa. Wachunguzi walipofika kwenye ranchi iliyopakana na shamba lile walikuta bakteria wa aina ile ile kwa ng'ombe na kwa nguruwe mwitu pia. Na serikali yao inaogopa homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Kenya, ukaandikwa mwaka 1921. Marekani haijafika, lakini mwaka 2021 iliibuka Jamhuri ya Dominika, ng'ambo tu ya bahari. Ikipata nguruwe milioni sita wasio na zizi, hakuna daktari wa mifugo atakayeifukuza.

Pamoja na yote hayo, nikiulizwa kigumu kuliko vyote ni kipi, sitasema jike mjanja langoni. Nitasema ndugu.

Ardhi nyingi za vijijini kule ni urithi. Chukulia ekari 300 zilizoachwa na babu, ndugu watatu, hati moja. Mkubwa amebaki anapanda karanga na kufuga ng'ombe. Wa kati anaishi Houston, na kwa miaka kadhaa amekuwa akikodisha ekari za upande wa msitu kwa wawindaji kutoka mjini. Hela hiyo ndiyo inayolipa kodi ya ardhi. Mdogo hayuko upande wowote, ila Krismasi anapenda kuja na wanawe kuvizia nguruwe usiku kwa darubini inayoona joto la mnyama gizani. Mkubwa anaweka mahindi wiki tatu, anahesabu, kundi lote limezoea boma. Ijumaa usiku wapangaji wa wa kati wanafika, hawajui habari, wanakuta nguruwe 17 kwenye chambo na wanaona wamebahatika. Jumamosi asubuhi wawili wamekufa, 15 wako kwa jirani, na kwenye meza ya familia hakuna anayesemeshana.

Jirani naye ana yake. Kama hategi, boma lako linatoa nafasi tu ya kundi lake kuhamia kwako. Ndiyo maana fedha za serikali, zikiwamo dola milioni 75 zilizotengwa katika sheria ya kilimo ya mwaka 2018 kwa mradi wa majaribio, zilielekezwa maeneo ambako wenye mashamba kadhaa wanaopakana wanaingia kwa pamoja, boma likihama kutoka ardhi hii kwenda ile bila kujali mpaka. Mashamba matano yanayotega pamoja yanaweza kukaribia ile asilimia 66. Shamba moja lililozungukwa na manne yanayowinda halifiki, hata mwenyewe akeshe.

Kwa wale ndugu watatu, mawakala wa ushauri wa kilimo huwa na pendekezo dogo ambalo si la silaha wala teknolojia: mkataba wa wapangaji uandikwe upya. Wawindaji wabaki, wapige kulungu na bata kama zamani, walipe kama zamani. Kiongezwe kifungu kimoja, kwamba nguruwe hapigwi risasi mahali popote katika ekari zile boma linapolishwa, na kwamba atakayewaona apige simu kwa kaka mkubwa na kumwambia wako wangapi.